Strungi Kwenye Meza ya Bwana

Mke wangu Rodah hajawahi kuchelewa kanisani. Watu humsifu kwa hilo, lakini ukweli ni kwamba kanisa liko ndani ya shamba letu. Marehemu baba yangu alikata kipande cha chai upande wa barabara akakitoa kwa Mungu, na alipokitoa hakuacha njia. Mpaka leo, ukitoka kwetu kwenda Kapsoit, au kituo cha kupeleka majani, au hata kuazima chumvi kwa jirani, lazima ukate uwanja wa kanisa mbele ya mlango wake. Nyuma yetu ni bonde na mto. Ng'ombe wetu hupita hapo uwanjani. Jeneza la baba mwenyewe lilipita hapo.

Nilimwoa Rodah kutoka upande wa Bomet, na alikuja na sauti. Mimi niliishia darasa la nane, na maneno yangu huisha mapema kuliko hapo. Yeye ndiye aliyezungumza na walimu wa binti yetu Valary, na daktari wa ng'ombe, na karani wa kituo cha majani akikataa kikapu chetu. Mimi nilisimama kando nimeshika kofia. Kwenye chai vidole vyake huenda kasi hadi wachumaji wengine huacha kuongea wamtazame. Utomvu umevitia weusi usiotoka kwa sabuni. Kanisani aliimba sauti ya kwanza, na kwa miaka karibu ishirini yeye ndiye aliyeandaa Meza ya Bwana: kufua kitambaa cheupe, kukata mkate, kujaza vikombe vidogo vya plastiki.

Pasta wetu, Benard Chepyegon, alikuja miaka mitatu iliyopita. Si mtu mbaya. Alichimba choo cha kanisa pamoja nasi, na mgonjwa hapiti siku ya pili kabla hajamwona. Ila ana jambo moja alipendalo kuliko yote, nalo ni mifano ambayo Biblia hutumia kueleza kanisa ni kitu gani. Mwaka mzima alifundisha hiyo tu. Jumapili hii sisi ni kondoo, ile sisi ni shamba, nyingine sisi ni nyumba, au bibi-arusi. Na hakuweza kumaliza fundisho bila kumnyoshea mtu kidole. Alipofundisha kwamba kanisa ni mwili, alimwita Rodah mikono. Mzee Kipkemoi, ambaye hasikii hata radi, alimwita sikio.

"Sikio lililo mapumzikoni," pasta aliongeza, na watu wakacheka, na Mzee Kipkemoi akacheka pia bila kujua ni nini.

Alipofika kwenye mfano wa nyumba ya Mungu, kidole kilinijia mimi. "Huyu mnamwona? Hasemi. Lakini huyu ni nguzo. Mkimwondoa, paa litatuangukia." Walipiga makofi. Kuanzia siku hiyo nikaitwa Nguzo, hata kwenye kituo cha majani: "Nguzo, sogeza kikapu chako!" Baada ya mwezi wakanifanya mzee wa kanisa. Sikuomba. Sikujua pia namna ya kukataa.

Jumapili ya mzabibu ilimpa pasta shida, kwa sababu hakuna mtu pale aliyewahi kuuona mzabibu. Alieleza juu ya shina na matawi, kwamba tawi haliwezi kuishi peke yake.

Rodah akainua mkono. "Kama chai, pasta?"

"Ni karibu na chai, mama."

Kisha akasema tawi lisilozaa hukatwa likachomwa. Hapo wakulima wakatazamana. Sisi tukipogoa chai hatuchomi. Matawi tunayaacha chini ya kichaka, yafunike mizizi, yaoze, yalishe. Mmoja akalisema hilo kwa sauti. Pasta akafikiri kidogo, akasema, "Hiyo sasa ni chai," akaendelea.

Meza ya Bwana huandaliwa kila miezi mitatu. Juisi ya zabibu hununuliwa mjini Kericho, chupa moja, na hulala kwetu kwa sababu sisi ndio wa karibu. Jumapili moja ya mwezi wa tatu nilitoka kukamua, mikono bado ina maji, nikaitoa chupa juu ya kabati ili nimsaidie Rodah. Ikanitoka, ikavunjika. Zambarau yote ikatandaa kwenye saruji. Mbwa akaja kulamba, nikamfukuza kama aliyekufuru.

Ile rimu ya lori inayotumika kama kengele ilikuwa imeshapigwa mara ya pili. Dukani kulikuwa na soda ya machungwa tu.

"Twende tumwambie pasta," Rodah alisema.

Nikajiona nimesimama mbele ya watu wote nikieleza kwamba damu ya Bwana nimeimwaga jikoni. "Pika strungi," nikasema.

"Strungi? Chai ya rangi kwenye Meza ya Bwana?"

"Iwe kali. Tia sukari. Rangi ni ileile."

"Baba Valary, hawa watu wameishi ndani ya chai tangu wazaliwe. Watajua hata kabla ya kumeza."

"Pasta mwenyewe alisema ni karibu na chai."

Nilikuwa sijatoa maneno mengi hivyo tangu Krismasi. Rodah alinitazama, akaitazama saruji, kisha akaweka sufuria kwenye jiko. Majani yenyewe yalikuwa ya pakiti kutoka kiwandani, ambayo kwa namna fulani yalitoka kwetu.

Nikabeba trei mimi, kama mzee wa kanisa. Kwetu kila mtu huchukua kikombe chake, akangoja, kisha tunakunywa pamoja pasta anaposema. Pasta akasema. Tukanywa. Kulikuwa na kimya cha watu wanaotafuta jina la kitu wanachokijua sana.

Halafu Mzee Kipkemoi, kwa sauti ile ya watu wasiosikia, akauliza, "Mbona hii haina maziwa?"

Kijana mmoja akacheka kwa pua. Benchi lake likafuata, kisha benchi la nyuma yake. Pasta hakucheka. Aligeuza kikombe chake, akakinusa. "Nani ameandaa meza?"

Rodah akasimama. "Ni mimi, pasta."

Hakutaja chupa. Hakutaja mtu. Akangoja. Najua anavyongoja. Ndivyo anavyoningoja hata nyumbani nimalize sentensi. Mimi nilikuwa nimeshika trei na nikaangalia vikombe vitupu, kimoja kimoja, mpaka pasta akasema, "Kaa chini, mama," na nafasi ikapita.

Jumatatu alasiri wazee tukakutana. Pasta alizungumza bila hasira. Alisema kanisa ni mwili, na kidole kikivimba hakikatwi mara moja, kinafungwa ili sumu isipande mkono. Wakakubaliana adhabu ambayo imekuwepo tangu zamani za wamishenari: Rodah akae benchi la nyuma karibu na mlango mpaka Meza ijayo, asiimbe, asipewe mkono na mshirika yeyote, kisha asimame mbele ya watu atubu.

"Nguzo," pasta akaniuliza, "una neno?"

Nikasema, "Sina."

Nyumbani Rodah alikuwa anafunga leso apeleke majani. "Wamesemaje?" Nikamweleza. "Na wewe umesemaje?" Nikamsogezea kikapu. Akakiinua mgongoni akatoka.

Zamani ilimchukua nusu saa kuvuka ule uwanja. Kila mara kulikuwa na mama wa kusalimiwa, mtoto wa kushikwa shavu, habari ya mtu aliyelazwa. Sasa alivuka kwa dakika moja. Kina mama waliokuwa wakipalilia viazi vya kanisa waliinamia majembe yao hadi apite. Nilitembea nyuma yake, na mikono hiyohiyo iliyomkwepa ikanyooka kwangu. "Nguzo, hujambo? Chamgei?" Niliipokea. Asubuhi kwenda na majani, jioni kurudi na kikapu kitupu, kila siku ya kuchuma, na njia nyingine hatuna.

Mtu mmoja tu alimsalimia kwa sauti, naye si wa kanisa letu. Ni Kemuma, mama Mkisii aliyekodi kipande cha jirani, ambaye husali kwingine.

"Mama Valary! Bado uko jela?"

"Bado, dada."

"Kifungo cha majani chai! Sisi huko kwetu tuliwahi kukosa ile juisi, tukaweka soda nyeusi. Mapovu mpaka puani. Na Mungu hajalalamika!"

Rodah alicheka, na nilipousikia mcheko huo nikagundua ni siku nyingi sijausikia.

Nilitaka kusema. Siku moja nilikwenda mpaka nyumbani kwa pasta nikiwa nimeyapanga maneno njiani: chupa, mimi, strungi, mimi. Nikamkuta anatengeneza banda la kuku. "Nguzo! Mungu amekuleta. Nishikie hii waya." Nikaishika. Tukafunga upande mmoja, tukafunga wa pili, tukatundika mlango. Akanishukuru, akanipa kabeji mbili. Nikarudi nazo nyumbani, na Rodah akazikata bila kuuliza zimetoka wapi.

Jioni moja tukiwa tunakula nikamwambia, "Nitasema."

"Sitakuambia sema, sitakuambia nyamaza," akajibu. "Mdomo ni wako."

Hakuwa na ukali. Lakini kuimba aliacha hata shambani, mahali ambapo wazee hawakumkataza. Nilizoea kujua yuko mstari gani wa chai kwa kusikia tu. Sasa ilibidi nisimame kwenye vidole nikitafuta kitambaa chake cha kichwa. Na Jumapili, kwaya ilipofika pale sauti yake ilipokuwa ikipanda peke yake, wengine walingoja kidogo, kama watu waliofika kwenye daraja wakakuta ubao mmoja haupo. Nilikaa kiti cha mbele pamoja na wazee. Sikuweza kugeuka nyuma kumwangalia. Wakati mwingine pasta alisema kwamba mume na mke ni mwili mmoja, na kwamba kanisa ni mwili mmoja, nami nikajaribu kuhesabu niko ndani ya miili mingapi, na ni upi niliokuwa naukata.

Wiki mbili kabla ya Meza ya mwezi wa sita, pasta akamtumia Rodah maneno ya toba yameandikwa kwenye karatasi. Aseme kwamba aliidharau meza ya Bwana kwa moyo wake mwenyewe.

"Nitasema nilipika," Rodah alisema. "Sitasema nilidharau. Sikudharau."

Nikapeleka jibu hilo kwa pasta. Hilo niliweza, kwa sababu halikuwa langu. Pasta alitikisa kichwa kwa huzuni. Akasema asipotubu kwa maneno hayo, jina lake litafutwa kwenye kitabu cha washirika, maana kidole kisichopona, mwisho wake daktari anaujua.

Rodah aliposikia alikiweka kikapu chini. Kisha akauliza, "Wakinifuta nitapita wapi?"

Hakuna mtu ambaye angemfungia njia. Alimaanisha kupita pale kila siku ya maisha yake, kikapu mgongoni, katikati ya watu waliomkata, na kanisa lenyewe limesimama juu ya mizizi ya chai ya mkwe wake. Siku hiyo niliamua. Sikumwambia, kwa sababu nilishamwambia mara moja.

Jumapili ilipofika niliiona ile trei mezani, imefunikwa kitambaa ambacho sasa kilifuliwa na mtu mwingine. Pasta akamwita Rodah. Alitoka kule mlangoni akaja mbele, akasimama na karatasi mkononi. Kabla hajafungua mdomo, mimi nikasimama.

"Ni mimi," nikasema. "Chupa niliivunja mimi. Strungi niliagiza mimi. Yeye alitaka kukuambia, mimi nikakataa. Niliona aibu. Akasimama peke yake, mimi nikanyamaza."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa mahali popote. Ilipoisha nikasikia mwili wangu ukiwa mwepesi. Nikafikiri, basi, imetoka, wanifunge mimi.

Nikamtazama pasta na nikaona macho yake yamejaa machozi. Alishuka kwenye mimbari, akaja akaniwekea mkono begani.

"Kanisa," akasema, na sauti yake ilikatika. "Mnaona? Mwaka mzima nimewafundisha kwa maneno. Leo Mungu amewaonyesha kwa mtu. Bibi-arusi amekosa. Na bwana-arusi anasimama anasema, hapana, wekeni juu yangu."

"Amina!" mtu akajibu. Kisha wengi.

"Hapana, pasta," nikasema. "Ni mimi kweli."

"Sikieni! Bado anang'ang'ania kuubeba!"

Kina mama wakaanza kulia. Mtu akaanzisha wimbo. Mzee wa kanisa niliyekaa naye akanishika mkono akiutikisa, akisema Nguzo, Nguzo, kumbe ulikuwa umejaa hivi.

"Pasta," Rodah akasema. Ilibidi arudie. "Pasta, anasema kweli. Chupa aliivunja yeye."

Wimbo ukafa. Pasta akamgeukia, na usoni mwake kulikuwa na uchungu wa kweli, sidhani alikuwa akijifanya. "Mama Valary. Mume wako amejitoa kukubebea mzigo, na wewe unaurusha wote kwake?"

Mnong'ono ukapita kwenye mabenchi.

"Amesema nini?" Mzee Kipkemoi akauliza.

"Anamsingizia mumewe!" mtu akampigia kelele sikioni.

Nilifungua mdomo tena. Hakukuwa na kitu. Maneno yote niliyokuwa nimeyakusanya miezi mitatu yalishatumika, na kila moja lilichukuliwa likageuzwa kuwa kitu kizuri. Nikisema zaidi, nitakuwa mtakatifu zaidi na yeye mwongo zaidi. Nikinyamaza, ni vilevile. Nilisimama tu hapo, mrefu, kama walivyonizoea.

Rodah alinitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayeangalia mawingu ili ajue kama kuna muda wa kumaliza mstari. Kisha akawatazama watu, akalitazama benchi la nyuma, akautazama mlango uliokuwa wazi na uwanja uliokuwa ng'ambo yake. Akaikunjua karatasi.

"Niliidharau meza ya Bwana," akasoma, "kwa moyo wangu mwenyewe." Akaikunja. Akaongeza maneno ambayo hayakuandikwa: "Mume wangu hana kosa."

Makofi yaliyopigwa siku hiyo, sijayasikia hata kwenye harusi. Walimkumbatia, walimfuta machozi ambayo hakuwa nayo, wakamvuta kwenye kwaya. Nami nikapewa trei niigawe, kwa sababu ni kazi yangu. Nilipomfikia, vikombe vyote vilikuwa vinagongana kwa jinsi mikono yangu ilivyotetemeka. Alichukua kikombe chake kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akaishika trei ikatulia, ili watu wasione.

Siku hiyo tulichukua zaidi ya saa moja kuvuka uwanja kwenda nyumbani. Kila mtu alitaka kumpa mkono.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa pasta, na safari hii nilisema kabla hajanipa waya ya kushika. Nilimwomba anitoe kwenye uzee wa kanisa. Nikamwambia sistahili. Alitabasamu kwa upole.

"Nguzo haijitoi yenyewe kwenye nyumba, ndugu yangu," akasema. "Na huyo anayesema hastahili ndiye tunayemtafuta."

Rodah anaimba tena. Shambani pia, ingawa si siku zote. Nyumbani tunaishi vizuri, ananitania kama zamani, ananiachia kipande cha ugali kilichoungua chini kwa sababu anajua nakipenda. Lakini hataki tena kuandaa meza, na nikianza kuigusa ile Jumapili huniambia, "Hayo yaliishia kanisani," na kuondoka kwenda kuangalia ng'ombe.

Pasta naye ameacha mifano mingine. Sasa ana mmoja. Akihubiri ndoa, ananisimamisha. Habari imetembea. Kanisa moja la Kedowa lina semina ya wanandoa, na wameandika barua wakiomba Nguzo wa Kapsoit aje na mke wake awape ushuhuda. Nilimwambia pasta siwezi kusema mbele ya watu. Akanijibu kwamba nilishaweza.

Kwa hiyo kesho tunakwenda. Jana Rodah alitia makaa kwenye pasi, akatandika blanketi mezani, akaanza kuninyoshea shati jeupe. Nilikaa kwenye stuli karibu na mlango.

"Utawaambia nini?" akaniuliza.

"Ukweli. Nitaanza na chupa, nimalize na 'sina' niliyosema kwa wazee. Nitasema wewe ulilazimishwa kusema uongo."

Aligeuza kola, akapitisha pasi taratibu mpaka kwenye ncha.

"Watapiga makofi," akasema.